John Kirk: Sumu ya mishale iliyogeuka dawa ya moyo

Wengi Afrika Mashariki wanamkumbuka Sir John Kirk kama balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, aliyemshinikiza Sultani Barghash kutia saini mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa. Ni wachache wanaofahamu mchango wake katika historia ya dawa.

Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea, alizaliwa Scotland mwaka 1832. Kuanzia mwaka 1858 alifuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi. Huko wawindaji walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, itokanayo na mbegu za mmea unaoparamia miti.

Siku moja mswaki wake uliingiwa na sumu hiyo. Alipoutumia, alibaini kuwa mapigo ya moyo wake yamepungua kasi.

Mjini Edinburgh, Profesa Thomas Fraser aliichunguza sumu hiyo, akatenga kiini chake na kukiita strofanthini. Mwaka 1885 aliwaeleza madaktari wenzake namna inavyosaidia moyo uliodhoofika. Kipimo kikubwa husimamisha moyo. Kipimo kidogo huupa nguvu. Katika karne ya 20 dawa hiyo ilitumika sana Ujerumani kwa njia ya sindano.

Kirk alifariki dunia mwaka 1922. Jina lake limo vitabuni, lakini ya wawindaji waliotangulia kuijua kombe hayamo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka jamii zenye maarifa kama hayo zigawiwe faida yake.