Rudolf Diesel: Mtoto wa ukimbizini aliyeacha injini inayotubeba

FUNDI yeyote wa barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge atakueleza kwamba hakuna sauti inayomnyima msafiri raha kama ya injini inayozungushwa na stata bila kuwaka. Betri ina nguvu, mikanda inazunguka, lakini gari haliendi popote.

Hapa Gitaza sauti hiyo inatisha zaidi. Upande mmoja ni Ziwa Tanganyika, upande wa pili ni milima ambayo udongo wake huporomoka msimu wa mvua, kama ilivyotokea mwaka 2015. Lori lililobeba mabati, vitanda na kuku wa familia inayorudi kutoka Tanzania, au samaki wa mfanyabiashara, haliwezi kulala hapa bila hasara.

Ndiyo maana nimeona leo tumkumbuke mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku kwenye vituo vya mafuta, ingawa wengi hawajui kwamba ni jina la mtu. Huku kwetu mafuta hayo tunayaita mazutu, lakini waliokaa Kigoma na kwenye kambi za Tanzania wanayaita dizeli.

Mtu huyo ni Rudolf Diesel. Maisha yake yanamhusu aliyezaliwa ugenini akarudi nyumbani, na pia anayesimama kando ya gari lililogoma.

Nchi ya wazazi

Diesel alizaliwa Machi 18, 1858 mjini Paris, Ufaransa, lakini wazazi wake hawakuwa Wafaransa. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Asili yake ilikuwa Augsburg, mji wa jimbo la Bavaria ambalo sasa ni sehemu ya Ujerumani.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Wajerumani waliokuwa wakiishi Paris walilazimika kuondoka, na familia ya Diesel ikakimbilia London, Uingereza. Maisha ya huko yalikuwa ya dhiki, na haukupita muda mrefu Rudolf, akiwa na miaka 12 tu, akapelekwa Augsburg kulelewa na jamaa zake. Mwenye nyumba hiyo, Christoph Barnickel, alikuwa mwalimu wa hisabati.

Msomaji aliyekulia Mtabila, Nyarugusu au Katumba hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Kijana alikuwa akirudi katika nchi ya wazazi wake ambayo yeye mwenyewe hakuzaliwa humo, na shule aliyoizoea ilikuwa ya lugha nyingine. Alichokipata Augsburg hakikuwa shamba wala fedha, bali masomo, naye akayashika kwa mikono miwili.

Mwaka 1875 alipata msaada wa masomo katika chuo cha ufundi mjini Munich, ingawa wazazi wake walitaka aanze kutafuta riziki. Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimkosesha mtihani wa mwisho. Wakati akisubiri nafasi nyingine alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha Sulzer huko Winterthur, Uswisi, na Januari 1880 akafaulu kwa kiwango cha juu kabisa.

Profesa wake, Carl von Linde, bingwa wa mashine za barafu, alimwajiri na kumrudisha Paris. Lakini tangu darasani kulikuwa na jambo moja lililomkera kijana huyo. Mashine nyingi za mvuke za wakati ule zilipoteza kama sehemu tisa kati ya kumi za joto la makaa zilizochoma.

Joto bila cheche

Kila mwenye baiskeli anajua kwamba ukijaza upepo kwa nguvu, pampu hupata moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Diesel alitaka kuibana hewa ndani ya silinda hadi iwe na joto la kuwasha mafuta yanayonyunyiziwa humo, bila plagi ya cheche.

Injini za dizeli za leo hubana hewa mara 15 hadi 20 na zaidi, na joto lake hupita nyuzi 500. Hataza yake ya Ujerumani, namba 67207, ilitolewa Februari 1893.

Kwa hiyo injini hii inadai mambo matatu: hewa ya kutosha, mbano wa kutosha, na mafuta safi yanayofika kwa wakati wake. Likikosekana moja tu, stata itazungusha mpaka betri ife.

Injini ya kwanza iligoma

Watu wengi hudhani mvumbuzi huwasha mashine yake siku ya kwanza na kupigiwa makofi. Kwa Diesel haikuwa hivyo. Kwa msaada wa kampuni ya Krupp na kiwanda cha mashine cha Augsburg, ambacho baadaye kilikuja kuwa MAN, aliunda injini ya majaribio na kuijaribu Agosti 10, 1893.

Injini hiyo haikuweza kujizungusha. Ilizungushwa kwa mkanda kutoka kwenye mitambo ya kiwanda. Mafuta yalipoingia yaliwaka kwa kishindo, kipimo cha mgandamizo kikapasuka na vipande vikaruka. Wazo lilithibitika, lakini injini haikufanya kazi.

Diesel hakuendelea kuizungusha huku akiomba Mungu. Aliifungua, akatafuta hewa inakovujia, akabadili pistoni na valvu, akajaribu njia mbalimbali za kunyunyizia mafuta. Kila jaribio aliliandika.

Februari 17, 1894 injini ilienda yenyewe kwa mara ya kwanza, kwa muda wa dakika moja hivi, ikizunguka mara 88 kwa dakika. Inasimuliwa kwamba fundi aliyekuwa karibu ndiye aliyeona mkanda ukivutwa na injini badala ya injini kuvutwa na mkanda, akavua kofia yake bila kusema neno.

Ilihitajika miaka mitatu mingine. Februari 17, 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima injini mpya na kukuta inageuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hakuna mashine ya mvuke ya siku hizo iliyoikaribia.

Njia ya Diesel barabarani

Nimewatazama mafundi wa barabara hii wakifanya kazi, na wale wazuri hufuata njia ileile ya kuchunguza jambo moja baada ya jingine. Iwe ni Fuso ya mizigo, Hiace ya abiria, au yale magari yenye kitanda na jiko ambayo watalii huzunguka nayo Afrika, maswali ni yaleyale.

La kwanza: stata inazungusha kwa kasi au kwa uvivu? Ikizungusha kwa uvivu, hewa haibanwi vya kutosha kupata joto, na kosa huenda likawa la betri au nyaya zake.

La pili: ekzosi inatoa moshi? Kama haitoi hata kidogo wakati stata inapigwa, kwa kawaida mafuta hayafiki kwenye silinda. Tazama tangi, chujio, na kile kifaa cha umeme kinachofunga mafuta unapozima gari. Gari lililoishiwa mafuta huvuta hewa ndani ya mirija, na kuongeza lita 20 peke yake hakutoshi. Ni lazima hewa itolewe, kwa ile pampu ndogo ya mkono iliyo karibu na chujio, mpaka mafuta yatoke bila mapovu.

Ukiona moshi mweupe, mafuta yanafika lakini hayawaki. Hapo fundi hukagua plagi za kupasha joto, maji kwenye mafuta, na mbano uliopungua kwa uzee wa pete za pistoni.

Maji ndiyo adui mkubwa wa wafanyabiashara wa mpakani. Wakati wa uhaba wa mafuta nchini, kama ilivyokuwa mwaka 2024, wengi walinunua mazutu kwenye vidumu ambavyo jana yake vilibeba kitu kingine. Maji ni mazito kuliko mazutu, hivyo hukaa chini. Acha kidumu kitulie, mimina kwa kitambaa safi, na usimimine mpaka tone la mwisho. Chujio nyingi pia zina kizibo chini cha kutolea maji.

Kuna mawili ya kuepuka. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, bali iache ipumzike, kwani stata ikiungua utakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Na kwenye magari mapya usifungue mirija ya nozeli kama mafundi wanavyofanya kwenye injini za zamani. Mgandamizo wake ni mkubwa kiasi cha kutoboa ngozi ya mkono.

Karanga na mawese

Jambo moja litawafurahisha watu wa Rumonge, nyumbani kwa mawese. Katika maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900, injini ndogo ya aina ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilistawi. Diesel mwenyewe alivutiwa na jambo hilo hadi miaka yake ya mwisho.

Hata hivyo, asije mtu akamimina mawese mabichi kwenye Hiace yake. Mafuta hayo huganda kwa ubaridi kidogo tu na kuziba chujio na nozeli.

Usiku wa mwisho

Injini ilimletea Diesel mamilioni, lakini haikumletea utulivu. Kesi za hataza, injini zilizorudishwa na wateja na kazi isiyo na mapumziko vilimvunja afya, na mwaka 1898 alilazwa ili apumzike. Fedha zake nyingi zilipotea katika biashara za ardhi na visima vya mafuta.

Usiku wa Septemba 29, 1913 alipanda meli Dresden kutoka Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza. Asubuhi hakuonekana chumbani. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi walikuta maiti baharini, wakachukua vitu vilivyokuwa mfukoni na kuuacha mwili majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Alikuwa na miaka 55, na madeni makubwa. Wengi waliamini alijiua, ingawa wengine walisema aliuawa.

Mwaka huohuo, huko Papenburg, Ujerumani, ilikuwa ikijengwa meli ya mvuke Graf von Götzen iliyoletwa Kigoma vipande vipande. Ndiyo Liemba yetu. Miaka ya 1970 mvuke wake uliondolewa na kuwekwa injini za dizeli, na mwaka 2015 zikawavusha wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Hivyo mtoto aliyekimbia vita na wazazi wake ndiye chanzo cha injini zilizowavusha watoto wengine wakikimbia, na ambazo sasa zinavuta malori yanayowarudisha. Gari likikugomea, usiitukane injini. Iulize kama alivyoiuliza yeye, swali moja baada ya jingine, kabla hujaimaliza betri.