Wild Bill Hickok, bingwa wa bastola za kushindilia

Wapenzi wa kulenga shabaha kwa bastola za kale huko Marekani hawachoki kulitaja jina la James Butler Hickok, aliyefahamika kama Wild Bill. Alizaliwa mwaka 1837 katika jimbo la Illinois.

Silaha zake mashuhuri zilikuwa bastola mbili za Colt za muundo wa 1851. Hazikutiwa risasi zenye ganda kama za siku hizi. Kila tundu kati ya sita lilimiminiwa baruti nyeusi, likashindiliwa gololi ya risasi, kisha nyuma yake ikabandikwa fataki. Ukifyatua, wingu la moshi mweupe hutanda. Kazi hiyo ya taratibu ndiyo raha yenyewe kwa wapenzi wake hadi leo.

Kwa Hickok haukuwa mchezo. Julai 21, 1865, mjini Springfield, Missouri, alimpiga Davis Tutt kifuani kutoka umbali wa yadi 75 hivi. Sifa zake zikaenea.

Msiba ulimfika Oktoba 5, 1871, akiwa mkuu wa polisi wa Abilene, Kansas. Alikuwa amekwisha kumpiga Phil Coe, mara akaona mtu anamjia mbio. Akafyatua bila kuuliza. Kumbe ni Mike Williams, rafiki yake, aliyekuja kumsaidia! Tangu siku hiyo hakuua mtu mwingine.

Agosti 2, 1876, akicheza karata mjini Deadwood, Jack McCall alimpiga risasi kisogoni. Bastola zake hazikumfaa.

Shabaha ya ubao ukiikosea utalenga tena. Uhai wa mtu hauna wa pili.