Increase Mather: Kasisi Aliyeikataa Krismasi

Miongoni mwa viongozi wa Kikristo waliojitokeza waziwazi kuipinga sikukuu ya Krismasi, Kasisi Increase Mather wa mji wa Boston ana mahali pa pekee. Huyu hakuwa Mwislamu, wala hakuwa mkana Mungu. Alikuwa Mkristo thabiti katika itikadi yake, mwana wa kasisi, aliyeoa binti wa kasisi na kumzaa kasisi. Basi ushuhuda wake wastahili kusikilizwa na kila aitafutaye haki.

Alizaliwa tarehe 21 Juni 1639 huko Dorchester, Massachusetts, koloni la Waingereza katika Amerika. Baba yake, Richard Mather, alikuwa amehama Uingereza mwaka 1635 kwa kuwa alikuwa Mpuritani, yaani mmoja wa Waprotestanti waliotaka kulisafisha Kanisa kwa kuondoa kila ibada isiyo na msingi katika Biblia. Increase alihitimu Chuo cha Harvard mwaka 1656, kisha akavuka bahari kwenda Dublin, alikopata shahada ya pili mwaka 1658. Alirejea Boston mwaka 1661, na mwaka 1664 akawa kasisi wa Kanisa la Pili la mji huo, alilolitumikia mpaka mwisho wa maisha yake. Tangu mwaka 1685 hadi 1701 alikiongoza pia Chuo cha Harvard.

Yafaa ijulikane kwamba zama hizo Wakristo hawakuwa na neno moja juu ya Krismasi. Wakatoliki na Waanglikana waliiadhimisha. Waprotestanti wa Scotland walikuwa wameikataa. Bunge la Uingereza liliipiga marufuku mwaka 1647, lakini ufalme uliporejeshwa mwaka 1660, nayo ikarejea. Katika Massachusetts ilitungwa sheria mwaka 1659 kwamba atakayeonekana akiisherehekea kwa kuacha kazi au kufanya karamu atozwe faini ya shilingi 5. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1681 kwa msukumo wa London. Desemba 1686 akafika gavana mpya Mwanglikana, Edmund Andros, naye akaenda hadharani katika ibada ya Krismasi mjini Boston akisindikizwa na askari. Jambo hilo liliwachoma sana Wapuritani.

Mwaka 1687 kilichapwa London kitabu kidogo cha Mather dhidi ya desturi alizoziona kuwa za kidunia na za kishirikina: kamari, karata, kunywa pombe kwa kutakiana afya, na pia Krismasi. Hoja zake zilikuwa wazi. Kwanza, Yesu hakuiamuru sikukuu hiyo, wala wanafunzi wake hawakuifanya. Pili, tarehe 25 Desemba haikuchaguliwa kwa sababu Yesu alizaliwa siku hiyo, bali kwa sababu Warumi washirikina walikuwa na sikukuu yao ya Saturnalia katika mwezi huo, na viongozi wa Kanisa wakapenda kuivika vazi la Kikristo. Tatu, matunda ya mti huo yalikuwa ulevi na ufisadi, mambo ambayo hayawezi kumtukuza mtu mtakatifu.

Wataalamu wa leo wangali wakijadiliana. Wako wasemao kwamba tarehe hiyo ilipatikana kwa kuhesabu miezi 9 tangu 25 Machi, siku iliyodhaniwa kuwa ya kutungwa mimba ya Yesu. Hata hivyo, mkusanyo wa Kirumi wa mwaka 354, ambao una ushahidi wa kale kabisa wa Krismasi ya 25 Desemba, unaonyesha pia siku hiyohiyo kuwa ya kuzaliwa Jua Lisiloshindwa, mungu aliyejengewa hekalu na Kaisari Aureliani mwaka 274. Na Injili zenyewe hazitaji tarehe yoyote. Luka aeleza kwamba wachungaji walikuwa makondeni usiku wakilinda mifugo yao, hali ambayo haipatani vema na Desemba ya Bethlehemu, mwezi wa mvua na baridi.

Mather hakuwa mtu wa maneno matupu. Mwaka 1688 alitoroka Boston kwa siri huku watu wa serikali wakitaka kumkamata, akaenda London kumlilia mfalme juu ya haki za koloni lake, na mwaka 1692 akarudi na hati mpya ya utawala. Lakini alipofariki mwaka 1723, upepo ulikuwa umekwisha kubadilika. Mwanawe mwenyewe, Cotton Mather, alihubiri siku ya Krismasi mwaka 1712, na lawama yake kubwa ilikuwa juu ya ulevi na anasa kuliko juu ya siku yenyewe. Mwaka 1856 Massachusetts iliifanya Krismasi kuwa sikukuu ya serikali.

Ndugu msomaji, maisha haya yana mafunzo mawili. La kwanza, faini ya shilingi 5 haikuing'oa Krismasi mioyoni mwa watu. Kurani Tukufu yafundisha kwamba hapana kulazimisha katika dini. Uzushi huondolewa kwa hoja na kwa mfano mwema.

La pili ni zito zaidi. Mather aliishika mizani ya kweli: je, Yesu aliliamuru jambo hili, na wanafunzi wake walilifanya? Akaipima Krismasi, akaiona pungufu. Lakini mafundisho ya Utatu na ya Uungu wa Yesu hakuyapima kwa mizani hiyohiyo, bali aliyashika mpaka kufa. Aliyefika nusu ya njia, yambakia nusu. Nasi Waislamu tusijisahau: ni hirizi ngapi na desturi ngapi za matanga tunazozishika bila kuuliza kama Mtume Muhammad s.a.w. alizifundisha?

Ama kuzaliwa kwa Nabii Isa a.s., Sura Mariamu yaeleza kwamba uchungu ulimpeleka mama yake kwenye shina la mtende, akaambiwa alitikise zimwangukie tende mbivu. Tende huiva kuanzia mwishoni mwa kiangazi. Desemba si msimu wake. Hivyo jambo ambalo kasisi wa Boston alilitafuta kwa taabu vitabuni, Kurani Tukufu ilikuwa imekwisha lidokeza zaidi ya miaka 1,000 kabla yake.

Mwenyezi Mungu awape wote waitafutao haki nguvu ya kuifuata mpaka mwisho wake. Amin.