H. W. TILMAN: MKULIMA WA SOTIK ALIYEVUKA AFRIKA KWA BAISKELI

Hapa Sigor baiskeli tunaijua. Hubeba maziwa, hubeba mahindi ya kusagwa, na wakati mwingine hubeba abiria. Lakini je, wajua kwamba mkulima mmoja wa Sotik, hapo jirani tu, alipanda baiskeli mwaka wa 1933 akavuka nayo Afrika hadi Bahari ya Atlantiki? Jina lake ni Harold William Tilman.

Tilman alizaliwa Wallasey, Uingereza, tarehe 14 Februari 1898. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta bado kijana wa shule. Alijiunga na kikosi cha mizinga, akajeruhiwa, na akapewa nishani ya Military Cross mara mbili kabla hajatimiza miaka 21.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni iliwagawia askari wa kizungu mashamba nchini Kenya kwa kura, kama bahati nasibu vile. Tilman akapata kipande upande wa Sotik, akafika mwaka wa 1919. Hapa tusifichane. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Wakipsigis walichunga humo kabla ya Waingereza kuwasukuma kando. Tena, Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi hilohilo katika Kariakoo, ambao maelfu yao walikufa, hawakuingizwa katika kura hiyo. Kwa hivyo tukimsifu bwana huyu, tujue alianzia wapi.

Alipanda kitani kwanza. Bei ikaanguka, akageukia kahawa. Kisha akakutana na Eric Shipton, mkulima mwenzake mpenda milima. Mwaka wa 1930 walipanda Kilimanjaro na Mlima Kenya, na mwaka wa 1932 wakaenda Ruwenzori. Alijaribu pia kutafuta dhahabu Kakamega, lakini hakutajirika.

Mwaka wa 1933 aliamua kurudi kwao. Mtu mwingine angepanda treni hadi Mombasa na kuingia melini. Yeye wapi! Alipata baiskeli ya kawaida, akaanzia Uganda akielekea magharibi, peke yake na mzigo mdogo. Baiskeli yenyewe haikuwa kama hizi za milimani zenye magurudumu manene na gia nyingi. Hizo zilianza kuundwa Marekani miaka ya 1970. Zamani mlima ukikushinda unashuka, unasukuma.

Alipita katika misitu ya Kongo ya Wabelgiji, akaingia makoloni ya Wafaransa, akatokea Kribi, pwani ya Kamerun. Chakula chake kilikuwa kile kilichopatikana njiani, hasa ndizi. Safari nzima ilikuwa kama kilomita 4,800, kwa takriban miezi miwili. Piga hesabu: ni kilomita 80 kila siku, karibu sawa na kutoka Sigor hadi Kericho, kesho tena, kesho kutwa tena! Lakini tusisahau kwamba nyingi za njia hizo zilichimbwa na kufyekwa na wanavijiji waliolazimishwa na wakoloni. Majina yao hayakuandikwa popote.

Safari hiyo ilimzoesha kusafiri na vitu vichache, na mtindo huo hakuuacha tena. Mwaka wa 1936 alifika kilele cha Nanda Devi, India, mita 7,816. Wakati huo hakuna kilele kirefu zaidi kilichokuwa kimepandwa na binadamu. Mwaka wa 1938 aliongoza msafara wa Everest, ingawa hawakufika juu. Katika Vita vya Pili alipigana pamoja na wapiganaji wa msituni wa Albania na Italia. Uzeeni akawa baharia. Mwaka wa 1977, akikaribia miaka 80, jahazi alilosafiria lilipotea katika Atlantiki ya Kusini, na hakuonekana tena.

Wanachama wenzangu, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Tilman hakungoja gari wala pesa nyingi. Alianza na alichokuwa nacho. Hilo tuige. Lakini milima hii na njia hizi ni zetu kuliko zilivyokuwa zake. Sasa ni zamu ya kijana wa Sigor kupanda baiskeli yake, kuijua nchi yake, na kuandika habari zake mwenyewe.