Nahodha Bates na Glasi ya Mchana

*Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 16:22–26, 30:7, 8, Kumbukumbu la Torati 6:4–9, Danieli 6:10, Mathayo 12:43–45.*

Joseph Bates, mmoja wa waanzilishi wa Kanisa letu, alizaliwa mwaka 1792 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, akakulia kando ya bandari ya New Bedford. Mwaka 1807, angali kijana mdogo, alianza kazi ya ubaharia. Mwaka 1810 alikamatwa mjini Liverpool na kuingizwa kwa nguvu katika jeshi la majini la Uingereza. Vita ilipozuka mwaka 1812 kati ya Uingereza na nchi yake alikataa kuwapigania Waingereza, akafanywa mfungwa hadi mwaka 1815. Baada ya kurudi nyumbani alipanda cheo hadi akawa nahodha.

Katika merikebu za siku zile pombe kali ilikuwa sehemu ya kazi, na baharia alipewa fungu lake kama alivyopewa chakula. Bates hakutaka kuwa mlevi, kwa hiyo alijiwekea kanuni ya kunywa glasi moja tu kwa siku, wakati wa mlo wa mchana. Kanuni hiyo ilionekana kuwa salama. Lakini baada ya muda aligundua jambo lililomshtua: saa ya mlo ilipokaribia, alichokitamani zaidi hakikuwa chakula bali ile glasi. Alikuwa ameifungamanisha glasi na mlo, na sasa kila siku mlo ulimkumbusha glasi. Hakuhitaji rafiki mbaya wa kumshawishi, maana saa yenyewe ilimwita.

Mwaka 1821 aliazimia kutoonja tena pombe kali. Mwaka uliofuata aliacha mvinyo, na baadaye tumbaku. Aliacha jambo moja kwanza, kisha lingine, na hakurudi nyuma.

Soma Mathayo 12:43–45. Kwa nini nyumba iliyofagiwa na kupambwa bado ilikuwa katika hatari?

Bates alikuwa ameifagia nyumba, lakini ndani hapakuwa na mwenyeji. Mwaka 1824 alipojiandaa kwa safari nyingine ndefu, alichukua vitabu vya hadithi vya kumburudisha. Mkewe, Prudence, alitia Agano Jipya dogo katika sanduku lake bila kusema neno. Nahodha alipofungua sanduku baharini, alilikuta, akaanza kusoma. Katika safari hiyo hiyo baharia mmoja aliugua na kufa, na ikawa wajibu wa nahodha kusimamia mazishi yake baharini. Bates alijiuliza ingekuwaje kama angekuwa ni yeye. Mtu aliyeweza kuamuru merikebu katika dhoruba aliona haya kupiga magoti, akiogopa wasaidizi wake wasimwone. Hata hivyo alipiga magoti. Baadaye aliandika ahadi ya kujitoa kwa Mungu, na mwaka 1827 alijiunga na kanisa katika mji wa Fairhaven.

Mwaka huo huo alianza safari yake ya mwisho akiwa nahodha wa merikebu *Empress*. Mapema katika safari aliwatangazia mabaharia wake taratibu mpya. Pombe isingekuwepo melini, wala matusi. Kungekuwa na ibada asubuhi na jioni. Jumapili, ambayo wakati huo aliamini kuwa siku ya Bwana, ingetunzwa.

Sasa angalia hekima yake. Mabaharia walikuwa wamezoea kufua na kushona nguo zao siku ya Jumapili. Kama angewakataza tu, wangebaki na nguo chafu na manung'uniko. Basi aliwapa Jumamosi alasiri iwe ya kufua na kushona. Hivyo kazi iliyokuwa ikiiba siku ya ibada ikawa maandalizi ya siku hiyo, na nguo safi zikawakumbusha kwamba siku ya ibada imekaribia. Vivyo hivyo maombi yalishikamana na kuanza na kuisha kwa siku, mambo ambayo hayakosekani katika merikebu yoyote. Fundo lile lile lililowahi kumfunga kwenye glasi, sasa lilitumika kuwafunga watu kwenye maombi.

Mwaka 1828, akiwa na miaka 35, aliacha kazi ya bahari. Mwaka 1845 aliipokea kweli ya Sabato ya siku ya saba. Yule aliyewapa mabaharia wake Jumamosi ya kufua nguo akajifunza kwamba siku ya maandalio ni Ijumaa. Ilimpasa kubadili siku, lakini desturi ya kujiandaa alikuwa nayo tayari. Aliendelea kuhubiri na kuandika hadi uzeeni, akafariki mwaka 1872.

Soma Kutoka 30:7, 8. Haruni alipaswa kufukiza uvumba wakati gani? Linganisha na Kumbukumbu la Torati 6:7.

Taa zilipaswa kutengenezwa kila asubuhi na kuwashwa kila jioni, na Mungu aliuweka uvumba papo hapo, kando ya kazi iliyokuwa haikosi kufanyika. Wazazi Waisraeli nao waliagizwa kulinena Neno katika kuketi, kutembea, kulala na kuamka. Hakuna anayesahau kuamka.

Wengi wetu huazimia kusoma Biblia "tukipata nafasi," na nafasi haipatikani. Je, hatuna jambo tunalolifanya kila siku bila kukumbushwa? Mama anapobandika maji ya chai jikoni, yale maji yana dakika zake kabla ya kuchemka. Kijana hachelewi kuchaji simu yake usiku. Chukua jambo moja kama hilo, uweke kando yake fungu moja la Maandiko au ombi moja, kisha ufanye hivyo kesho na kesho kutwa.

Lakini tusisahau mpangilio wa maisha ya Bates. Nia yake thabiti ilimtoa pombe mkononi, ila haikumpa amani. Desturi njema ni kama mlango ulioachwa wazi kila siku saa ile ile. Anayeijaza nyumba ni Kristo.

Maswali ya Kujadili

1. Ni desturi gani isiyofaa ambayo saa au mahali fulani hukuita kwayo? Utaweka nini mahali pake?

2. Danieli aliendelea kuomba kama alivyokuwa akifanya tangu hapo. Desturi yake ilimsaidiaje amri ya mfalme ilipotolewa?

3. Katika nyumba yenu, ni kazi zipi zinazoiba saa za mwanzo za Sabato? Zinawezaje kuhamishwa, siyo kukatazwa tu?

4. Tunawezaje kujua kwamba desturi ya ibada imekuwa mazoea matupu, na tufanye nini?