Maisha ya Marehemu Arkidikoni Owen

Katika taarifa ya mwaka huu twaona vyema kuwakumbusha wanachama wetu wa Kitale na Bungoma maisha ya marehemu Walter Edwin Owen. Alianza kazi ya Misheni huko Uganda mwaka 1904, na mwaka 1918 akafanywa Arkidikoni wa Kavirondo. Mwaka 1923 aliongoza kuundwa kwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, kilichopata wafuasi hata Kavirondo ya Kaskazini, ambamo Bungoma ilikuwamo.

Alipinga wanawake na watoto kushurutishwa kutengeneza barabara bila ujira. Mwaka 1938 alipeleka habari za ajira ya watoto katika magazeti ya Uingereza. Walowezi wengi walimchukia, lakini hakunyamaza. Alifariki mwaka 1945. Sheria ya fidia kwa wafanya kazi ilianza kutumika Kenya mwaka 1949.

Kabla ya hapo, mtu wa Bungoma aliyekatwa vidole na mashine ya kupukuchua mahindi shambani Kitale hakuwa na sheria hiyo ya kumtetea. Sasa iko sheria ya mwaka 2007: mwajiri hupaswa kuarifu Serikali katika siku 7, na aliyeumia adai katika miezi 12.

Twasikitika kwamba wengine hupokea fedha kidogo mkononi, wakanyamaza mpaka muda ukapita. Basi kila aumiaye kazini na aandikishe jeraha lake mapema, wala asione haya kudai haki yake.