Daniel Salmon: daktari wa mifugo aliyeachia bakteria jina lake

Kila zinapotoka habari kwamba mayai yameondolewa madukani kwa sababu ya salmonela, wengi wetu hudhani jina hilo limetokana na samaki. La hasha. Ni jina la mtu, Dk. Daniel Elmer Salmon, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1850 katika jimbo la New Jersey.

Salmon alifiwa na wazazi wake wote akiwa mtoto, akalelewa na jamaa. Mwaka 1876 Chuo Kikuu cha Cornell kilimtunuku udaktari wa mifugo, shahada ya kwanza ya aina hiyo nchini Marekani. Mwaka 1884 serikali ilipounda ofisi ya kupambana na maradhi ya mifugo, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza. Chini yake homa ya mapafu ya ng'ombe ilitokomezwa nchini humo mwaka 1892, na ukaguzi wa nyama ukaanza.

Bakteria wenyewe waligunduliwa mwaka 1885 na msaidizi wake, Theobald Smith, katika nguruwe wagonjwa. Wawili hao walidhani wamepata chanzo cha homa ya nguruwe, lakini baadaye ilibainika kuwa chanzo ni virusi. Hata hivyo, mwaka 1900 bakteria hao walipewa jina la mkubwa, si la aliyefanya kazi.

Salmon aliiacha ofisi yake mwaka 1905, akaenda Uruguay kuongoza chuo cha madaktari wa mifugo. Alifariki mwaka 1914 mjini Butte, Montana.

Maisha yake yote aliyatumia kati ya zizi na meza ya chakula. Leo njia hiyo inafuatiliwa kwa vinasaba. Maabara husoma vinasaba vya bakteria kutoka kwa kuku na vya wale waliotoka kwa mgonjwa. Vikikaribia kufanana kabisa, basi bakteria hao ni wa ukoo mmoja. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2016, wagonjwa wa nchi kadhaa za Ulaya walipounganishwa na mayai yaliyotoka Poland.

Zamani mfugaji angeweza kukana. Sasa bakteria wenyewe ndio mashahidi. Ila ushahidi huo hupatikana pale tu penye maabara, na huko nyumbani wangapi huumwa tumbo, wakanywa dawa, na yai lisiulizwe kitu?